Mkono Unaopokea

Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Hapana mwalimu wa Kiswahili asiyeifundisha methali hii. Twaiandika ubaoni, twawaeleza wanafunzi kuwa "usambe" ni neno la kale lenye maana ya "usiseme", kisha twawataka watunge kisa cha kuithibitisha. Nao hutuletea kisa kile kile: maskini aliyetoa kidogo kwa moyo mweupe, na tajiri aliyefumba mkono. Sisi nasi tumevisahihisha visa hivyo kwa takriban miaka ishirini, tukatia alama za vema, tukaendelea na somo. Haikutupitikia hata siku moja kuuliza: je, yule maskini alipotoa, nani alipokea? Na lau mpokeaji angekataa, moyo ule ungekwenda wapi?

Swali hilo tulifunzwa Nakivale, na jibu lake tukaanza kulipata mahali ambapo hatukulitazamia, yaani kwa watawa wa dini ya Budha. Twaomba radhi kwa wasomaji wetu ikiwa safari hii itaonekana kuwa na kona nyingi. Ndivyo tulivyoisafiri.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kandokando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Yalianzishwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Wa kwanza kuja walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na wengineo, kila kundi likiletwa na msiba wake. Hakuna ukuta wala seng'enge iliyoyazunguka. Serikali ya Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi ajenge na kulima, lakini watu wameongezeka na vipande vimepungua, na kiangazi cha nchi ile kavu hakimhurumii mkulima. Kwa sababu hiyo wengi wameishi kwa kutegemea mgao wa chakula, au wa fedha za kununulia chakula, unaotolewa na Shirika la Chakula Duniani.

Hapa mwalimu wa lugha hawezi kupita bila kutaja neno moja. Katika Kiswahili, "posho" ni chakula au malipo ya kila siku apewayo askari, mpagazi au kibarua. Nchini Uganda neno hilo limehama kutoka kwenye kipimo likaingia chunguni: posho ni ugali wenyewe wa mahindi. Mtu aliyelima mahindi yake, akayasaga na kuyasonga, naye husema kuwa anakula posho. Huko Nakivale neno hilo limerudi kwao. Anayekula posho anakula mgao kweli kweli.

Sisi kazi yetu ni kufundisha Kiswahili mjini Mbarara. Tangu mwaka 2019, isipokuwa miezi ile ya ugonjwa wa korona ambapo njia zilifungwa, tumekuwa tukienda Nakivale siku za Jumamosi kufundisha darasa la watu wazima. Ni darasa la ajabu kidogo. Msomali huja kujifunza kusema, kwa kuwa Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Mkongo huja akiwa anakisema tangu utotoni, bali ataka kukisoma na kukiandika. Basi mmoja hujua herufi asijue maneno, na mwingine hujua maneno asijue herufi, nao husaidiana.

Miongoni mwa wanafunzi wetu alikuwamo mama mmoja kutoka pande za Fizi, katika Kivu ya Kusini. Alikuwa mtu mzima kutuzidi umri, mwenye wajukuu watatu aliowalea peke yake. Mwezi wa Februari mwaka 2021 mgao wa wakimbizi nchini Uganda ulikuwa umeshushwa hadi asilimia 60 ya kipimo kamili, baada ya kuwa umekwisha kupunguzwa hadi asilimia 70 mwezi wa Aprili mwaka 2020. Habari hizo tulizijua vizuri, maana wanafunzi wetu walizizungumza kila wiki. Jumamosi moja ya mwaka ule wa 2021, somo lilipokwisha, mama yule alitusubiri mlangoni akiwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa safi. Ndani mlikuwa na ugali na sombe, yaani kisamvu kama wasemavyo watu wa pwani.

Tulikataa. Tulikataa kwa maneno mazuri, kama tulivyodhani. Tulimwambia, "Mama, ahsante sana, ila sisi tuna chakula nyumbani. Wape wajukuu." Tukatabasamu, tukapanda pikipiki tukaenda zetu. Njiani tulijiona watu wema. Tulijiambia kuwa mtu mwenye mshahara hawezi kula chakula cha mtu anayepimiwa unga.

Wiki iliyofuata hakuja darasani, wala ya pili. Wiki ya tatu tulikwenda kumjulia hali. Tulimkuta anapeta maharagwe mlangoni pake. Alitukaribisha kwa adabu, akatupa kigoda, akaitikia salamu, kisha akanyamaza. Tulipomwuliza sababu ya kuacha masomo, alisema bila kuinua macho: "Mwalimu, ulikataa chakula yangu juu ya nini? Kila mwezi miye napokea, napokea tu. Siku ile nilitaka na miye nitoe."

Siku zote tulikuwa tukimsahihisha: si "chakula yangu" bali "chakula changu". Siku hiyo hatukuwa na kinywa cha kumsahihisha. Tuliomba radhi naye akasema si neno, na Jumamosi iliyofuata akarejea darasani. Lakini bakuli hakulileta tena. Sisi nasi, tukisema kweli, hatukuwa tumelielewa kosa letu. Tulidhani tumemvunjia heshima tu, kama mgeni aliyekataa maji ya kunywa. Hatukujua kuwa tulikuwa tumemwondolea kitu.

Mwaka 2022 shughuli za kazi zilitupeleka Entebbe. Mwenzetu mmoja akatuambia kuwa karibu na hapo, Garuga, pana hekalu la Wabudha, naye mkuu wake ni Mganda. Tulikwenda kwa udadisi kuliko kwa haja. Kituo hicho kiliasisiwa mwaka 2005 na mtawa aitwaye Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa Uganda, ambaye jina lake la awali ni Steven Kaboggoza. Aliijua dini hiyo akiwa mwanafunzi nchini India mnamo mwaka 1990, na mwaka 2002 akapewa utawa kamili huko California, Marekani, mikononi mwa mtawa mkuu wa Kiburma, U Silananda. Amesimulia jinsi watu walivyomstaajabia aliporudi nyumbani na mavazi yake yale na bakuli lake. Hatushangai. Katika nchi zetu, mtu mzima mwenye afya akitembea na bakuli hueleweka kwa njia moja tu: ni ombaomba.

Tulifika kabla ya adhuhuri, tukakuta waumini wachache wameandaa chakula. Palikuwa na matoke, wali, maharagwe na mboga, vyakula vya kila siku vya Buganda. Bibi mmoja alipiga magoti, akainua sahani kwa mikono miwili, akampa mtawa. Mtawa akaipokea kwa mikono miwili, macho yameinama. Hakusema ahsante. Baadaye walikariri pamoja maneno ya baraka kwa lugha ya Kipali, wakala kimya. Kupiga magoti hakukutushangaza, kwani mwanamke wa Kiganda humpigia mgeni magoti ampapo chakula tangu zamani. Kilichotushangaza ni ule ukimya wa mpokeaji. Tulimwuliza muumini aliyekuwa karibu nasi: mbona hakushukuru? Akacheka kidogo, akajibu kuwa anayestahili kushukuru ni yule aliyetoa, kwa sababu amepata wa kumpa.

Jibu hilo lilitufanya tutake kujua zaidi, na tuliyojifunza tutayaeleza hapa kwa ufupi, kwa faida ya wenzetu.

Katika nchi za Wabudha wa madhehebu ya Theravada, yaani Thailand, Laos, Burma iitwayo leo Myanmar, Kambodia na Sri Lanka, mtawa huishi kwa sheria kali kuhusu chakula. Haruhusiwi kupika, wala kulima, wala kushika fedha. Haruhusiwi kuweka chakula akile kesho. Hula baina ya alfajiri na adhuhuri tu, na jua likishapinduka hali mpaka siku ya pili. Tena hawezi kutia kinywani kitu, isipokuwa maji, ambacho hakikutolewa na mtu mwingine. Mali yake ya asili ni vitu vinane: nguo tatu, bakuli, wembe, sindano, mshipi na chujio la maji.

Kwa hiyo kila kunapopambazuka, watawa hutoka na mabakuli yao, wakapita njiani mmoja nyuma ya mwingine, miguu mitupu. Katika mji wa Luang Prabang, huko Laos, watu huketi au kupiga magoti kando ya njia kabla jua halijachomoza, kila mmoja na chombo chake cha wali wa kunata, wakatia tonge moja moja katika kila bakuli. Mtawa haombi. Habishi hodi, haiti, hataji njaa. Husimama au hupita polepole, na akipewa hupokea, asipopewa huenda zake. Hachagui nyumba. Desturi humtaka apite mlango kwa mlango asiuruke mlango wa maskini kwa kutafuta wa tajiri. Hachagui chakula pia: alichopewa ndicho atakachokula. Yasimuliwa kuwa Mahakassapa, mmoja wa wanafunzi wakuu wa Budha, alipenda kupita mitaa ya mafukara hasa, ili nao wasikose nafasi ya kutoa.

Sheria nyingi hizo zaonekana kama adhabu ya mtawa. Tukizitazama sana tutaona zina kazi nyingine. Mtawa ambaye angeweza kuweka akiba, au kupika mwenyewe, angejifungia hekaluni akawasahau watu. Sheria imemkatia njia hiyo. Kila asubuhi ni lazima atoke, na kila asubuhi wao ni lazima wamwone. Yeye huwapa mafundisho na nafasi ya kutenda wema, wao humpa wali. Hapana wa juu wala wa chini.

Kwa ajili hiyo tumeanza kulitilia shaka neno letu "mtawa". Kutawa ni kukaa ndani, kujitenga na watu. Lakini mtu huyu hawezi kutawa hata siku moja, maana akitawa hatakula. Kipali humwita "bhikkhu", neno lililotokana na kitenzi cha kuomba riziki. Wala hatuwezi kulifasiri kwa "mwombaji" ilhali hafungui kinywa kuomba. Neno lao la kutoa ni "dana". Sisi tunalo "sadaka", lililotujia kutoka Kiarabu pamoja na ndugu zake "sadiki" na "sadikifu", yote kutoka mzizi mmoja wenye maana ya ukweli. Atoaye sadaka, kwa asili ya neno, anathibitisha kuwa yale asemayo kwa ulimi ni kweli. Tukilifahamu hivyo, kumkatalia mtu sadaka yake ni kama kumwambia: "Hatukusadiki."

Jambo la mwisho tulilojifunza ndilo lililotugonga. Sheria za watawa hao zina adhabu kwa muumini ambaye ameidhuru jumuiya yao. Hawamfungi, hawamtozi, hawamlaani. Humpindulia bakuli. Maana yake ni kuwa hawatapokea tena chochote kutoka mkononi mwake mpaka ajirudi. Huko Burma adhabu hii imetumika katika zama zetu dhidi ya watawala wa kijeshi. Mwaka 1990, baada ya askari kufyatua risasi mjini Mandalay, watawa walikataa sadaka za wanajeshi na jamaa zao. Mwezi wa Septemba mwaka 2007, baada ya watawa kupigwa mjini Pakokku, walikataa tena, na maelfu yao wakaandamana mijini. Serikali ile yenye bunduki iliiona hatua hiyo kuwa nzito, ikajibu kwa kuwakamata watawa na kuyavamia mahekalu. Wanajeshi hawakupungukiwa na chakula. Walichonyimwa ni nafasi ya kutoa.

Tulipolifahamu hilo tulikumbuka bakuli lililofunikwa kwa kitambaa safi. Tulikuwa tumemwadhibu mama yule kwa adhabu ya madhalimu. Na kosa lake lilikuwa nini? Ukimbizi.

Tangu siku hiyo tulianza kuitazama Nakivale kwa macho mengine. Hapo awali tulipoona safu ndefu ya watu siku ya mgao, tuliona wapokeaji tu. Hivyo ndivyo takwimu zinavyowaandika, na hivyo ndivyo picha zinavyowaonyesha: mikono iliyokinga. Sasa tulibaki kuangalia yatokeayo baada ya mgao. Tuliona mwanamke ambaye kadi yake ilikuwa na kasoro akirudi nyumbani na unga, kwa sababu jirani zake walimpimia kikombe kimoja kimoja. Tuliona familia iliyowasili jana yake ikiletewa kuni na chungu na watu wasiojua lugha yao. Tuliona makanisani kapu la sadaka likipitishwa, ndani mna gunzi la mahindi, viazi vitatu, yai.

Aidha, mwisho wa Ramadhani tulijifunza jambo kwa wanafunzi wetu Wasomali. Zaka ya fitri hutolewa kwa kila kichwa cha nyumba, takriban kilo 2.5 za chakula kiliwacho mahali hapo. Wao ni wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo zaka hiyo haimlazimu tajiri peke yake. Humlazimu kila aliye na ziada juu ya chakula cha siku ile na usiku wake. Kwa hiyo maskini anaweza kuwapokea wenzake asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo akawa naye ana wajibu wa kutoa. Mwanafunzi mmoja, kijana mtulivu wa nyuma ya darasa, alitueleza hivi kwa Kiswahili chake kichanga: "Siku hiyo sisi wote matajiri." Hatukumsahihisha huyu naye.

Basi tuliazimu kurekebisha kosa letu. Lakini tungelirekebishaje? Kumwomba mama chakula hatukuweza, kwani mtawa haombi. Tuliamua tu kubadili njia. Badala ya kushuka pikipiki mlangoni mwa darasa, tukawa tunashuka sokoni na kutembea kwa miguu, tukapita mbele ya nyumba yake, tukamsalimu, tukaendelea. Jumamosi ya nne alituita: "Mwalimu, ngoja." Akatoka na kiazi kitamu cha kuchemsha kwenye kisahani. Tulikipokea kwa mikono miwili, tukala tukiwa tumesimama, na wajukuu wanatutazama. Toka siku hiyo ikawa desturi. Mara kiazi, mara muhogo, mara kikombe cha uji. Nasi tulitambua kuwa majirani wanaona, na kuwa yeye anajua kwamba wanaona. Alikuwa mtu ambaye mwalimu kutoka mjini hula kwake.

Hapana shaka wapo wasomaji watakaotupinga, na wana haki. Watauliza: ni halali kweli mwenye mshahara kula kiazi cha mjukuu wa mkimbizi? Je, haya si maneno matamu ya kumpora maskini? Swali hili lilitusumbua sisi pia, wala hatutaki kulikwepa. Sheria za watawa zenyewe zimelifikiria. Ipo sheria inayohusu nyumba ambazo imani yake imezidi huku mali yake imepungua. Jumuiya ya watawa huweza kuitangaza nyumba ya namna hiyo, na tangu hapo mtawa mzima wa afya haruhusiwi kupokea na kula chakula chao isipokuwa wamemwalika wenyewe. Walijua kuwa mkono wa maskini unaweza kutoa mpaka ukauke, na kuwa mpokeaji ana wajibu wa kuulinda. Hivyo kupokea nako kuna adabu yake: kupokea kidogo, kutoomba, kutochagua, kutohesabu, na kujua lini upite njia nyingine.

Adabu hiyo ilijaribiwa mwezi wa Julai mwaka 2023, Shirika lilipowagawa wakimbizi katika makundi matatu. Waliohesabiwa kuwa dhaifu zaidi walipewa asilimia 60 ya mgao kamili, waliofuatia asilimia 30, na wale waliohesabiwa kuwa wanajitegemea hawakupewa kitu. Mama yule aliangukia kundi la pili. Jumamosi moja tulimkuta amesimama mlangoni mikono mitupu. Alitazama chini. Tulimsalimu, akaitikia, tukapita kama tupitavyo. Hatukujua kama tumefanya vema, na darasani hatukufundisha vizuri siku hiyo.

Mwisho wa somo tulilileta jambo hilo mbele ya darasa bila kumtaja mtu. Tulizungumza hadi jua likaanza kushuka, kwa lugha nne au tano. Hatimaye mzee mmoja Mrundi akatoa shauri: kuwe na kapu, kila ajaye aje na konzi ya alichonacho, unga au maharagwe au chumvi, asiye nacho asilete, na mwisho wa mwezi kapu liende kwa aliyepungukiwa kuliko wote. Sisi tukaruhusiwa kutia sehemu yetu kama mwanafunzi mmoja, si kama mfadhili, na sharti hilo walilikazia sana. Mwezi wa kwanza kapu lilikwenda kwa mama yule. Mwezi wa pili alileta konzi mbili za maharagwe, na kapu likaenda kwa Msomali aliyekuwa mgonjwa. Na Jumamosi iliyofuata, tulipopita mlangoni pake, alituita: "Mwalimu, ngoja."

Hatudai kuwa kapu limeondoa njaa. Mwaka 2025 mgao ulikatwa tena, na wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda wakaachwa nje ya msaada wa chakula. Mkono wa mtu hauwezi kuziba pengo la namna hiyo, wala mwenye kushiba asije akayatumia maneno yetu kama udhuru wa kutotoa. Mkimbizi ahitaji chakula kwanza. Tunachosema ni kuwa chakula peke yake hakimtoshi, kwa sababu mtu asiyeruhusiwa kutoa chochote hupindukiwa na bakuli ambalo hakulikosea.

Walimu wenzetu, sisi ndio tunaoletewa vitu vidogo. Mtoto huleta embe. Mzazi hutuma mayai mawili yaliyofungwa katika jani la mgomba. Twaelewa kuwa kuna zawadi zenye ndoana, zinazotaka alama za mtihani, na hizo zirudishwe zilikotoka. Ila nyingi si za namna hiyo. Nyingi ni sauti ya mtu anayesema, "Na mimi nimo." Tusizikatae kwa huruma isiyotazama usoni.

Nasi siku hizi tunaifundisha methali ile kwa namna nyingine. Tunaiandika ubaoni kama zamani, tunaeleza "usambe" ni nini, kisha tunawataka wanafunzi watunge kisa. Lakini tunawaagiza wakisimulie kwa kinywa cha yule aliyepokea. Mwanzoni hulalamika kuwa ni kigumu. Twawaambia kuwa ndiyo, ni kigumu, na kuwa hata mwalimu wao alianguka mtihani huo mara ya kwanza.